Kujaza Upya Katriji za Marisau ya Chuma: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Ukurasa huu ni wa wenzetu wazungumzao Kiswahili wanaowinda bata na bata bukini huku Marekani, hasa majimbo yenye maziwa na mabwawa mengi kama Minnesota, Wisconsin na Dakota zote mbili. Maswali ni yale yale yanayorudi kila mwaka Agosti ikikaribia kwisha, watu wanapoanza kutoa bunduki kabatini. Soma sehemu ya kwanza hata kama umeshajaza katriji za marisau (punje ndogo za kupigia ndege) ya risasi, yaani ile metali nzito, kwa miaka mingi. Tena wewe ndiye hasa unayepaswa kuisoma.

## Misingi

1. Kwa nini chuma? Marisau ya risasi yana ubaya gani?

Bata hana meno. Humeza changarawe ili firigisi ipate cha kusagia chakula. Kwenye ziwa lililowindwa kwa vizazi kadhaa, matope ya chini yamejaa marisau yaliyoanguka, na bata huyaokota kama anavyookota changarawe. Firigisi huyasaga, asidi ya tumbo huyayeyusha, sumu huingia kwenye damu. Punje chache tu zinatosha kumuua bata mzima kwa kumdhoofisha siku hadi siku, na tai anayekula mzoga wake anaipata sumu hiyo hiyo.

Ndiyo maana Marekani ilianza kuyaondoa marisau ya risasi kwenye uwindaji wa bata kuanzia msimu wa 1987–88, na kufikia 1991 marufuku ilikuwa imeenea nchi nzima. Denmark iliyafuta kabisa mwaka 1996, Kanada ikafuata mwaka 1999 kwa ndege wahamao. California ilikwenda mbali zaidi: tangu Julai 2019 haikubali risasi katika uwindaji wowote. Umoja wa Ulaya nao umeyazuia kwenye ardhi oevu tangu Februari 2023.

2. Chuma kinatofautianaje na risasi kwa mtu anayejaza mwenyewe?

Kwa mambo mawili, na kila kitu kingine kwenye ukurasa huu kinatoka humo.

La kwanza ni uzito. Sentimita moja ya ujazo ya risasi ina gramu 11 hivi. Ya chuma haifiki 8. Aunsi moja ya chuma basi inachukua nafasi mara 1.4 ya aunsi moja ya risasi ndani ya ganda. Nafasi inaisha mapema, na punje ikishatoka mtutuni hupoteza mwendo haraka.

La pili ni ugumu. Punje ya risasi ikisukumwa ghafla na gesi hubonyea, na kule kubonyea kunapunguza makali ya msukumo wa kwanza. Punje ya chuma haibonyei. Presha hupanda kwa kasi, na punje yenyewe inaweza kukwaruza mtutu au kuupanua mdomoni. Kwa hiyo chuma kinataka baruti inayoungua polepole, kikombe cha plastiki nene kuzunguka marisau (wadi), na choki, yaani mbano wa mdomo wa mtutu, iliyo wazi zaidi.

3. Je, nitaokoa pesa?

Kidogo, na pengine usiokoe kabisa. Anayejaza katriji za mashindano ya sahani za udongo zinazorushwa hewani huona faida haraka, lakini kwenye chuma wadi, baruti na usafirishaji hula sehemu kubwa ya akiba. Faida ya kweli ni uhuru wa kuchagua: ukubwa wa punje, uzito na mwendo unaofaa bunduki yako na bwawa lako. Kama lengo lako ni bei peke yake, nunua kreti dukani msimu ukiisha, wanapopunguza bei.

4. Je, bunduki yangu inafaa kwa chuma?

Angalia hili kabla hujanunua hata wadi moja. Bunduki nyingi za kisasa huandikwa kwenye mtutu au kwenye kijitabu chake kwamba zinakubali chuma. Bunduki za Ulaya zilizopimwa kwa chuma chenye nguvu hupigwa muhuri wa ua la fleur-de-lis.

Usipige chuma kwenye mitutu ya zamani ya Damascus (iliyosokotwa kwa vipande vya chuma), kwenye bunduki nyembamba za urithi, wala kwenye bunduki ambayo mtengenezaji wake amekataa. Mfano unaowapata wengi ni Browning Auto-5: mitutu yake iliyotengenezwa Ubelgiji haifai kwa chuma, na Browning wenyewe wanasema hivyo. Bunduki ya babu mkwe ni kitu cha thamani. Ikae ukutani, au itumie marisau ya bismathi, metali laini (tazama swali la 20).

5. Choki gani?

Chuma hukaa pamoja hewani kuliko risasi kwa sababu punje hazibonyei na hivyo hazipepesuki. Choki iliyo wazi, ile inayoitwa IC, au ya kati, yaani Modified, inatosha kwa karibu kila kazi ya bata. Choki ya Full, ile inayobana zaidi, pamoja na punje kubwa kama BB inaweza kuuvimbisha mtutu karibu na mdomo, uvimbe kama pete unaousikia kwa vidole kabla hujauona. Ukitumia choki za kufungua na kufunga, hakikisha imeandikwa kwamba inakubali chuma.

6. Kwa nini hamuandiki vipimo vya baruti hapa?

Kwa sababu kipimo cha baruti hakina maana kikiwa peke yake. Fomula ya katriji ni seti: ganda fulani, fataki fulani (kile kiwashio cha kitakoni), baruti fulani kwa uzito fulani, wadi fulani, marisau ya aina na uzito fulani. Mtu wa maabara aliipiga seti hiyo kwenye mtutu wenye kipima presha akaandika alichokiona. Ukinakili namba moja kutoka ukurasa kama huu ukaiweka kwenye ganda jingine, umetengeneza kitu ambacho hakuna mtu aliyekipima.

Fomula zipatikane kwa watengenezaji wa baruti, kama Hodgdon na Alliant ambao wanazitoa bure mtandaoni, au kwa makampuni yanayouza wadi za chuma na kuzipima. Chapisha karatasi, iweke mezani, usijaze kwa kukumbuka. Na kamwe usichukue fomula ya marisau ya risasi ukaweka chuma, hata kama uzito unalingana. Hilo ndilo kosa linalopasua bunduki.

## Kuchagua vifaa

7. Nianze na kifaa gani?

Usianze na kifaa, anza na ndege. Unawinda nani, na kwa umbali gani kwa kawaida? Hapo utajua ukubwa wa punje. Punje zikijulikana, chagua uzito wa mzigo na urefu wa ganda. Kisha ndipo utafute fomula iliyopimwa inayokutana na hayo, na ununue kila kitu kilichotajwa humo kwa jina.

Wengi hufanya kinyume. Wanakuta baruti ya bei nafuu, wananunua chupa mbili, halafu wanahangaika kutafuta fomula ya kuitumia. Matokeo yake ni kabati lililojaa vitu visivyooana, na kishawishi cha kuviunganisha kwa nguvu.

8. Punje za ukubwa gani?

Kwa vipimo vya Marekani kuna njia rahisi: toa namba ya punje kutoka 17, utapata kipenyo chake kwa sehemu za mia za inchi. Punje namba 2 ni 17 toa 2, yaani inchi 0.15. Namba 4 ni 0.13. Namba ikikua, punje inapungua. Juu ya namba 1 zinakuja herufi: BB ni inchi 0.18, BBB 0.19, T 0.20.

Kanuni ya mkono ni hii: ukitoka kwenye risasi kwenda kwenye chuma, panda saizi mbili. Aliyekuwa akimpiga bata malardi kwa namba 6 ya risasi achukue namba 4 ya chuma, aliyekuwa na namba 4 achukue namba 2. Kwa bata wadogo wanaokuja karibu juu ya bata wa bandia, namba 6 au 4 zinatosha. Kwa malardi wa Novemba wenye manyoya mazito, mimi napendelea namba 2. Kwa bata bukini wakubwa, BB.

Kumbuka kwamba kila unapoongeza ukubwa unapunguza idadi. Aunsi moja ya chuma namba 4 ina punje kama 192. Namba 2 ina kama 125. BB ina kama 72 tu. Mzigo wa aunsi 1⅛ wa namba 2 ni punje 140 hivi. Punje kubwa chache zenye mapengo hujeruhi ndege akaenda kufia kwenye matete. Hiyo ni hasara kubwa kuliko kumkosa.

9. Nitumie maganda gani?

Chuma kinataka nafasi, kwa hiyo tafuta ganda lenye kuta zilizonyooka na kitako kifupi ndani. Maganda ya Cheddite na ya Fiocchi, na baadhi ya ya Federal yenye kitako cha plastiki, yana fomula nyingi za chuma. Maganda kama Remington STS, yaliyofinyangwa kwa kipande kimoja na kuta zinazonenepa kuelekea chini, ni mazuri sana kwa sahani za udongo lakini ndani yana nafasi ndogo.

Maganda mawili yenye rangi moja na jina moja yanaweza kuwa na vitako tofauti ndani. Lipasue moja kwa urefu uone kitako kimekaa kimo gani, kisha linganisha na yale mengine. Kitako kirefu kinapunguza nafasi na kupandisha presha, hata kama vingine vyote viko sawa.

Ganda la inchi 3 linapimwa likiwa limefunguka baada ya kupigwa. Katriji ya inchi 3½ ambayo haijapigwa ni fupi kuliko jina lake, na inaweza kuingia vizuri tu kwenye chumba (pale katriji inapokaa mtutuni) cha inchi 3. Ikipigwa, mdomo hauna pa kufungukia. Zaidi ya hapo, kiwango cha SAAMI (chama cha watengenezaji wa silaha na katriji Marekani) cha presha ya bunduki ya geji 12 ni psi (pauni kwa inchi ya mraba) 11,500 kwa inchi 2¾ na 3, lakini 14,000 kwa inchi 3½. Usichanganye maboksi.

Ganda lililopasuka mdomoni, lililolegea pale chuma cha chini kinapokutana na plastiki, au lililokanyagwa na mvua ikaingia, litupe. Tumia lililopigwa mara moja au jipya.

10. Fataki zote si 209? Naweza kubadilisha?

Hapana. Namba 209 ni umbo na ukubwa, haisemi chochote kuhusu ukali wa moto. Federal 209A inajulikana kuwa kali. Winchester 209, CCI 209 na CCI 209M kila moja ina tabia yake. Kubadilisha fataki peke yake, kila kingine kikiwa kile kile, kunaweza kupandisha presha kwa maelfu ya psi. Kubadilisha kwenda kwenye fataki baridi nako kuna hatari yake: baruti inayoungua polepole isiposhika moto vizuri, wadi inaweza kubaki mtutuni (swali la 16).

Kuna jambo dogo la vipimo. Fataki za Cheddite na Fiocchi ni pana kidogo kuliko za Kimarekani. Ganda likishakaliwa na Cheddite tundu lake linapanuka, na ukiweka Winchester baadaye inaweza kulegea na kuvujisha gesi.

11. Baruti gani inafaa?

Baruti inayoungua polepole. Alliant walitengeneza moja mahsusi kwa kazi hii wakaiita Steel, na Longshot ya Hodgdon inaonekana kwenye fomula nyingi za chuma. Baruti za haraka za sahani za udongo kama Red Dot au Clays hazina kazi kwenye mizigo mizito ya chuma. Zitafikisha presha kileleni kabla mzigo haujasogea.

Usikimbilie mwendo mkubwa kuliko wote ulioandikwa. Fomula za kati, kati ya futi 1,350 na 1,450 kwa sekunde, mara nyingi hutawanya vizuri kuliko za 1,550, na bega lako litakushukuru. Mwendo una faida kwa chuma, hilo ni kweli, lakini ukubwa wa punje na mtawanyo mzuri humfikia ndege kwa uhakika zaidi.

Chupa ibaki na lebo yake. Baruti iliyomiminwa kwenye chupa nyingine isiyoandikwa haina jina tena: imwage bustanini kwa uangalifu, kidogo kidogo, usijaribu kuikisia kwa rangi.

12. Wadi ya chuma ina tofauti gani na ya kawaida?

Ishike mkononi utaijua. Wadi ya risasi ni laini, ina petali nyembamba na sehemu ya kati inayobonyea kama springi. Ya chuma ni kikombe kigumu cha polyethilini nzito, ukuta mnene, na mara nyingi haina springi kabisa. Kazi yake kubwa ni kuhakikisha hakuna punje hata moja inayogusa mtutu.

Nyingine huja hazijachanwa, na wewe ndiye unayezichana kwa kifaa chake. Idadi na urefu wa michano hubadilisha mtawanyo, kwa hiyo fuata fomula. Kama ina kizibo cha gesi kilicho tofauti, upande wenye shimo kama sahani hutazama baruti.

Njia nzuri ya kuijaribu ni kuokota wadi zilizopigwa uwanjani. Zigeuze, zitazame kuta. Alama za punje kuonekana kama vibonyeo ni kawaida. Ukiona tundu limetokeza upande wa pili, punje zimegusa mtutu wako. Acha wadi hiyo au fomula hiyo.

13. Je, naweza kutumia wadi inayofanana kama ile ya fomula haipatikani?

Hapana. Tafuta fomula nyingine inayotumia wadi uliyo nayo. Kwa risasi kuna orodha za wadi zinazokubalika kubadilishana. Kwenye chuma desturi hiyo haipo, kwa sababu zilizotajwa swali la 2 na la 6.

14. Je, gololi za chuma au punje za bunduki ya upepo zinafaa?

Hapana kabisa. Marisau ya chuma ni chuma laini kilichopashwa moto na kupozwa polepole ili kilainike. Gololi za beringi ni ngumu mara nyingi zaidi na zitakula mtutu hata zikiwa ndani ya wadi nzuri. Nunua marisau yaliyoandikwa kuwa ni ya katriji.

15. Vipi kuhusu vijazio, kadi ya juu na unga wa maika?

Vijazio vya sufi au koki hukaa chini ya marisau ndani ya kikombe kurekebisha kimo cha safu, ili mdomo ukunjike vizuri. Kadi nyembamba ya juu huzuia punje kuvuja pale mikunjo inapokutana. Unga wa maika hupakwa kwenye wadi ili iteleze. Vyote ni vizuri pale fomula inapovitaja. Unga wa plastiki wanaoutumia watu wa risasi kujaza mapengo kati ya punje usiuweke kwenye chuma ila fomula iuamuru, kwani nao hupandisha presha.

## Mezani na uwanjani

16. Mashine yangu ya kawaida itafanya kazi?

Kwa kukunja na kuweka fataki, ndiyo. Kwa kumimina marisau, mara nyingi hapana. Punje za chuma hazitelezi kama za risasi. Hujenga daraja ndani ya bomba, nusu ikashuka na nusu ikabaki, kisha ganda linalofuata likapata mzigo na nusu. Kampuni ya MEC ya Wisconsin ina mashine iitwayo Steelmaster iliyoundwa kwa ajili hiyo.

Kwa katriji za kuwindia, ambazo si nyingi, mimi napima kila moja kwa mizani ya kidijitali: baruti kwa greni, marisau kwa greni pia. Aunsi 1⅛ ni greni 492. Punje kubwa kama BB unaweza hata kuzihesabu. Mimina kwa mkono kupitia faneli, tikisa ganda kidogo, kisha tazama ndani kwa tochi kabla ya kukunja. Ni kazi ya polepole, na hivyo ndivyo inavyotakiwa.

Ukipiga ukasikia mlio hafifu, acha. Toa katriji zote, fungua bunduki, tazama ndani ya mtutu kutoka chumbani. Wadi iliyonasa huwezi kuiona ukiwa nje, na katriji inayofuata itaupasua mtutu. Hili mwambie na kijana unayekwenda naye, kabla hamjaondoka nyumbani.

17. Nitajuaje kama mdomo umekunjwa vizuri?

Uwe bapa, katikati usiwe na tundu, wala usiwe umezama kama kisima au umevimba. Ukizama, safu yako ni fupi. Ukivimba, ni ndefu. Rudi kwenye kijazio, usirekebishe kwa kuongeza au kupunguza baruti. Ganda lililokunjwa mikunjo sita mwanzo, likunje sita tena. Plastiki inakumbuka mikunjo yake.

18. Kutu je?

Chuma kikiingiwa na unyevu hushika kutu, na punje zikishikana ndani ya ganda hugeuka bonge moja. Bonge hilo likifika kwenye choki ni hatari. Weka marisau mahali pakavu, usiyashike kwa mikono yenye jasho, na katriji ulizozibeba kwenye mvua zikaushe siku hiyo hiyo. Katriji za zamani, zitikise karibu na sikio: zenye punje kubwa zikikaa kimya kabisa pale unapotegemea mchakacho, zifungue uone. Zenye kutu usizipige.

19. Nijaribu vipi kabla ya msimu?

Tundika karatasi kubwa yadi 40, piga, chora duara la inchi 30 kuzunguka sehemu yenye punje nyingi, hesabu. Piga angalau karatasi tano, maana moja hudanganya. Kama kwa kawaida hupigi zaidi ya yadi 30, jaribu kwa yadi 30, kwani hapo ndipo bata wako watakapokuwa.

Jaribu pia kwenye baridi. Baruti nyingi hupungua nguvu kwenye baridi kali, na plastiki ya wadi huwa ngumu na rahisi kuvunjika. Ziache katriji kadhaa barazani usiku wa baridi, zipige asubuhi, linganisha na za joto. Fomula inayofanya vizuri Septemba inaweza kuchoka Novemba ziwa linapoanza kuganda pembezoni.

20. Fomula ya chuma inaweza kutumika kwa bismathi au tungsteni?

Hapana, kila moja ina fomula zake. Bismathi ina gramu 9.6 hivi kwa sentimita ya ujazo na ni laini, ndiyo maana inafaa bunduki za zamani, ila huvunjika kwa urahisi. Tungsteni ile nzito, TSS, inafika 18, hivyo ukijaza nafasi ya chuma kwa TSS umezidisha uzito zaidi ya mara mbili. Hapo presha haisameheki.

## Sheria na mambo ya pembeni

21. Afisa wa wanyamapori atajuaje kwamba katriji zangu ni za chuma?

Ana sumaku. Anaweza pia kukuomba ufungue moja. Andika kwa kalamu isiyofutika kwenye kila ganda: chuma, saizi, tarehe. Kumbuka kwamba kosa si kupiga marisau ya risasi tu. Ukiwa unawinda bata huruhusiwi kuwa nazo hata mfukoni, ikiwemo ile moja iliyosahaulika ndani ya koti tangu msimu wa ndege wa nchi kavu. Kagua mifuko yote kabla ya alfajiri.

Mengineyo kwa haraka: bunduki izibwe isiingize zaidi ya katriji tatu; kuanzia umri wa miaka 16 unahitaji stempu ya bata ya serikali kuu, dola 25, pamoja na leseni ya jimbo na usajili wa HIP (mpango wa kukusanya takwimu za ndege wahamao wanaowindwa).

22. Mimi si raia. Naruhusiwa kumiliki katriji na bunduki?

Mwenye ukaazi wa kudumu, kwa sheria ya serikali kuu, anaruhusiwa kama mwingine. Mwenye viza ya muda, kwa mfano ya masomo au ya matembezi, kwa kawaida amekatazwa kushika bunduki na hata katriji, ila kuna misamaha, mmojawapo ukiwa leseni halali ya uwindaji iliyotolewa na jimbo. Majimbo nayo yana sheria zao. Kosa la namna hii linaweza kukufukuzisha nchini, kwa hiyo muone wakili wa uhamiaji kabla hujagusa kitu. Ushauri wa rafiki kambini hautoshi.

23. Naweza kumuuzia jirani katriji nilizojaza?

Kujaza kwa matumizi yako hakuhitaji leseni ya serikali kuu. Kujaza kwa biashara kunahitaji leseni ya mtengenezaji, daraja la 06. Hata kumpa ndugu bure, fikiri mara mbili: hujui bunduki yake ina chumba gani wala choki gani.

24. Nihifadhi wapi baruti na fataki nikiwa kwenye fleti?

Kiwango cha NFPA 495, cha shirika la Marekani la kuzuia moto, kinataja hadi ratili 20 za baruti isiyo na moshi na fataki 10,000 kwa makazi, vyote katika vifungashio vyake vya asili. Lakini mkataba wa fleti na kanuni za zimamoto za mji zinaweza kukataza kabisa. Soma mkataba. Usiweke baruti na fataki kabati moja, na zote ziwe mbali na jiko na watoto.

25. Naweza kubeba vifaa hivi nikienda nyumbani Tanzania au Kenya?

Usijaribu. Baruti na fataki haziruhusiwi ndani ya ndege ya abiria, si kwenye begi la mkononi wala la mizigo. Na huko nyumbani, kutengeneza katriji bila kibali ni jambo la jinai. Kenya ilipiga marufuku uwindaji wa michezo tangu 1977.

Suala la chuma lenyewe, hata hivyo, linatuhusu. Kenya, Tanzania na Uganda ni wanachama wa AEWA, mkataba wa ndege wa majini wahamao kati ya Afrika na Ulaya na Asia, ambao unazitaka nchi kuondoa marisau ya risasi kwenye ardhi oevu. Bata wanaokimbia baridi ya Ulaya na Urusi na kushukia Naivasha wamepita mabwawa mengi njiani, na kila bwawa lisilo na risasi ni salama kwao.

26. Bata aliyepigwa kwa marisau ni halali?

Wanazuoni wamekhitalifiana kuhusu mnyama anayeuawa na risasi kabla hajachinjwa, kwa hiyo muulize sheikh unayemfuata. Ambalo halina mjadala ni kwamba ukimkuta bado hai, mchinje. Piga Bismillahi kabla ya kufyatua, na kisu kiwe kiunoni, kisibaki kwenye mtumbwi.

27. Punje zilizobaki kwenye nyama nizitoeje?

Chuma hakina sumu ya risasi, lakini kitavunja jino. Baada ya kumnyonyoa, weka kifua kwenye mwanga na utafute vidoa vyeusi vya damu. Kila tundu huwa limeingia na kinyoya kidogo kilichobanwa ndani. Kivute kwa koleo ndogo, mara nyingi punje inafuata nyuma yake. Zilizobaki zipitishie sumaku yenye nguvu polepole juu ya nyama iliyokatwa vipande. Na waambie walaji mezani kwamba nyama hii ni ya kuwindwa, watafune kwa taratibu.